Kazi Imekwisha: Ni Nani Ameikagua?



Katika mikutano ya vikundi vya kujisaidia kuna neno moja linalosikika kila mara: "Imekwisha." Mwenyekiti anauliza habari ya bomba, anaambiwa limekwisha kulazwa. Anauliza mabati, anaambiwa yamekwisha kupigwa. Katibu anaandika, wanachama wanapiga makofi, na mkutano unaendelea na jambo lingine. Labda hakuna aliyesema uongo. Lakini miezi mitatu baadaye bomba linavuja, bati linapeperuka kwa upepo, na kila mtu anamtazama mwenzake.

Shida ni kwamba neno hilo lina maana nyingi. Fundi akisema imekwisha, ana maana kwamba yeye hana kitu kingine cha kufanya pale. Mweka hazina akisema imekwisha, ana maana kwamba pesa zimelipwa. Katibu ana maana kwamba ameandika. Na mama anayekwenda kuchota maji jioni ana maana moja tu: nikifungua mfereji, maji yanatoka. Hawa wanne wanaweza kuwa wanasema neno moja na kuzungumza juu ya mambo manne.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza tofauti kati ya kazi iliyokwisha na kazi iliyokaguliwa, na jinsi kikundi kinavyoweza kuweka tofauti hiyo katika daftari lake au katika simu. Tunaanza na simu, kwa sababu vikundi vingi sasa vinazitumia kuandikia kazi zao.

UBAO WA KAZI NDANI YA SIMU

Kuna programu za simu na kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya kusimamia miradi. Moja inayojulikana sana ni Trello, iliyoanza mwaka 2011. Ukiifungua unaona kitu kama ubao wenye safu. Kila kazi imeandikwa kwenye kadi yake. Kadi huanza katika safu ya kwanza, ambayo tunaweza kuiita "Bado". Kazi ikianza, mtu huisogeza kadi kwa kidole hadi "Inaendelea". Ikimalizika, huisogeza hadi "Imekwisha". Ndani ya kadi unaweza kuandika jina la mhusika, tarehe ya mwisho na orodha ya mambo ya kufanywa, na unaweza kuweka picha.

Ubao wa namna hii unasaidia. Mwanachama aliye Nairobi anaweza kuona kazi imefika wapi bila kungoja mkutano. Tena programu huandika yenyewe ni nani aliyesogeza kadi na ni saa ngapi, kwa hivyo hakuna kubishana juu ya hilo.

Lakini programu haina macho. Haiwezi kushuka mtoni ikaangalia kama mawe yamepangwa vizuri. Inachojua ni kwamba kidole kimegusa kioo. Na kwa kawaida kila mwanachama aliyeingizwa katika ubao anaweza kusogeza kadi yoyote. Kwa hivyo ubao ukijaa "Imekwisha", tunachojua ni kwamba watu wamesema hivyo, basi. Daftari nalo ni vivyo hivyo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli. Lakini daftari lililojaa alama ambazo hakuna aliyezikagua laweza pia kupoteza mali, tena kwa mwandiko mzuri.

WENZETU WALIOKUTANA NA SHIDA HII

Watu wanaotengeneza programu za kompyuta walikutana na shida hii zamani, na njia waliyoitumia inatufaa hata sisi wa jembe na simiti.

Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza programu ya kusomea kurasa za intaneti, iliamua kuifungua kazi yake ili watu wa nchi nyingi waweze kusaidia kuirekebisha. Watu wengi, wasioonana, kila mmoja kwake. Ilihitajika njia ya kuandika kila kasoro na kuifuata mpaka iishe. Mtu aitwaye Terry Weissman alitengeneza programu ya kazi hiyo, ikaitwa Bugzilla. Inatumika mpaka leo.

Katika Bugzilla kila kasoro hupewa nambari yake. Anayeiona huiandika. Mtengenezaji huirekebisha, kisha huweka alama yenye maana ya "Imetatuliwa". Hapo wengi wetu tungefunga daftari. Lakini wao waliweka hatua nyingine mbele, yenye maana ya "Imehakikiwa". Hatua hii ni ya mtu wa kukagua ubora: anachukua kazi iliyorekebishwa, anaijaribu yeye mwenyewe, na akiridhika ndipo anaweka alama. Akikuta kasoro bado ipo, anaifungua tena kwa nambari ile ile, na historia yote inabaki pale pale.

Kuna jambo jingine la kujifunza hapo. Kati ya majibu ambayo mtu angeweza kuweka juu ya kasoro, kulikuwa na moja lenye maana ya "kwangu inafanya kazi", yaani nimejaribu kwenye mashine yangu na sikuiona shida hiyo. Kila kikundi chenye mradi wa maji kinalijua jibu hili. Fundi anafungua mfereji saa nne asubuhi, wakati hakuna mwingine anayechota, na maji yanaruka. "Si mnaona? Iko sawa." Lakini saa kumi na mbili jioni, mifereji yote ikiwa wazi, ule wa mwisho kule juu unatoa matone. Kazi ya fundi inafanya kazi kwa fundi. Anayejua kama imekwisha ni yule anayeitumia, mahali anapoitumia na saa anayoitumia.

KANUNI SITA ZA KUKAGUA

Kutokana na hayo, tunapendekeza kanuni sita. Zote zinawezekana kwa daftari la kawaida na kalamu.

1. Andikeni kipimo kabla ya kazi kuanza. "Kuchimba choo" si kipimo. "Shimo la futi 20 kwenda chini, limepimwa kwa kamba yenye jiwe" ni kipimo. Kama hamkukubaliana mwanzoni, mwishoni mtabishana, na mwenye sauti kubwa ndiye atashinda. Kipimo kizuri ni kile ambacho watu wawili wasiopatana wakikitumia watapata jibu moja.

2. Aliyefanya kazi asiikague mwenyewe. Si kwamba ni mtu mbaya. Mtu aliyeandika barua haoni makosa yake, kwa sababu anasoma yale aliyotaka kuandika. Vivyo hivyo aliyelipwa kwa kazi asiikague, wala aliyeleta vifaa asivihesabu peke yake. Chagueni wawili, na mmoja awe mtumiaji wa kitu chenyewe.

3. Kagueni kabla ya kufunika. Kuna kazi ambazo zikishafunikwa hakuna atakayeziona tena: msingi, vyuma ndani ya zege, bomba ndani ya mtaro. Kwa kazi hizi ukaguzi unaokuja mwishoni ni bure. Andikeni katika kipimo: "Mtaro usifukiwe kabla ya wakaguzi kuona maji yakipita na viungo vikiwa vikavu."

4. Angalieni kitu chenyewe. Risiti inaonyesha kwamba simiti ilinunuliwa. Ujumbe wa M-PESA unaonyesha kwamba pesa zilikwenda. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba simiti ile iko ndani ya ukuta wenu. Picha inasaidia, lakini nayo inaweza kuwa ya mwezi jana au ya mradi wa jirani. Tena picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupoteza maelezo ya ndani yanayoonyesha siku na mahali ilipopigwa. Kama mnatumia picha, pigeni pale pale mkiwa wakaguzi, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kwenye kazi, na mti au nyumba inayojulikana ikionekana nyuma.

5. Pesa ya mwisho ingoje ukaguzi. Wanakandarasi wanajua desturi ya kuzuia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, mpaka muda fulani upite na kasoro zirekebishwe. Hata kikundi kidogo kinaweza kukubaliana hivyo na fundi wake. Lakini mwambieni mapema, liandikwe, na ukaguzi ukipita mlipeni siku hiyo hiyo. Kumzungusha fundi aliyefanya kazi nzuri ni dhuluma, na hatarudi tena kwenu.

6. Kazi ikirudishwa, isiwe ni aibu. Mkaguzi akikuta kasoro, kadi inarudi "Inaendelea" na sababu inaandikwa. Hakuna kupiga kelele. Kikundi ambacho kila ukaguzi hupita kila mara kina haja ya kujiuliza kama wakaguzi wake wanaangalia kweli.

Msidhani haya ni mambo ya kutoaminiana. Serikali yenyewe inafanya hivyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015 inaruhusu taasisi za umma kuunda kamati ya ukaguzi na upokeaji, ambayo kazi yake ni kuangalia kama vitu na kazi zilizoletwa ni zile zilizoagizwa. Pesa za kikundi chenu hazihitaji sheria ya Bunge ili zichungwe.

MFANO: TANGI LA MAJI YA MVUA

Tuseme kikundi kinajenga tangi la mawe la duara, lenye upana wa mita 4 ndani na maji ya kina cha mita 2. Tuone jinsi kila kazi inavyokaguliwa.

Kazi ya kwanza: kupima duara na kuchimba msingi. Kipimo ni upana wa mita 4 ndani, ukipimwa mara mbili kwa njia ya msalaba. Je, kuna haja ya kusumbuka hivyo? Hebu tupige hesabu. Ujazo wa tangi la duara ni 3.14 mara nusu ya upana, mara nusu ya upana tena, mara kina. Kwa tangi letu ni 3.14 x 2 x 2 x 2, yaani mita za ujazo 25.12, au lita 25,120. Sasa fundi akikosea akaweka mita 3.8 badala ya 4, hesabu inakuwa 3.14 x 1.9 x 1.9 x 2, yaani kama lita 22,670. Sentimita 20 tu, ambazo kwa macho hazionekani, zimechukua karibu lita 2,450. Hiyo ni mitungi zaidi ya 120 ya lita 20. Kugundua jambo hili kamba ikiwa bado chini kunagharimu dakika kumi. Kuligundua ukuta ukiwa umesimama hakuna faida tena.

Kazi ya pili: simiti. Mwambieni fundi asitupe mifuko mitupu. Jioni wakaguzi wanaihesabu na kuilinganisha na iliyotolewa stoo asubuhi. Mifuko 12 ikitoka na mitupu ikawa 9, ulizeni siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Hesabu hii haisemi kama mchanganyiko ulikuwa sawa, kwa hivyo mkaguzi mmoja asimame pale wakati wa kuchanganya na ahesabu karai za mchanga kwa kila mfuko, kama mlivyokubaliana.

Kazi ya tatu: kumwagilia ukuta na lipu. Hii ndiyo kazi ambayo husemwa imekwisha kabla haijaanza. Simiti haikauki kama udongo. Inashikana kwa kutumia maji, na ikinyimwa maji mapema inabaki dhaifu na kupata nyufa. Inahitaji kuwekwa ikiwa na unyevu kwa siku 7 angalau, na inaendelea kupata nguvu hata wiki nne. Msiandike kazi moja ya "kumwagilia". Andikeni siku 7, kila siku na jina la mtu, na mkaguzi apite asubuhi na jioni aguse ukuta kwa mkono. Ukiwa mkavu, siku hiyo haihesabiwi.

Kazi ya nne: tangi lisivuje. Hapa ndipo ukaguzi wa macho haufai kitu, maana tangi tupu halivuji. Lijazeni. Liacheni siku chache ili kuta zinywe maji yanayowatosha. Kisha wekeni alama ya msumari au kalamu penye usawa wa maji, na mfunike. Weka ndoo iliyojaa maji humo humo chini ya kifuniko, ikiwa na alama yake. Baada ya siku moja pimeni yote mawili. Kilichopungua katika ndoo kimekwenda na hewa. Kama tangi limepungua zaidi ya ndoo, maji yanatoka mahali.

Je, sentimita moja kwa siku ni kitu cha kuhangaikia? Katika tangi hili kila milimita moja ni zaidi ya lita 12. Sentimita moja ni kama lita 125, yaani mitungi sita kila siku, bila mtu kunywa. Kiangazi cha siku 90 kitakula zaidi ya lita 11,000, karibu nusu ya tangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao huu wa tangi utaujenga wakati huna maji ya kuchanganyia simiti.

Kazi ya tano: matumizi. Mvua ya kwanza ikinyesha, wakaguzi wasimame chini ya mifereji ya paa. Maji yanaingia tangini yote, au nusu yanamwagika kwenye kona? Mama mmoja na mtoto mmoja wachote kwa mtungi wanaoutumia kila siku. Mtungi unaingia chini ya mfereji wa tangi? Mtoto anaweza kuufunga mfereji ule kwa nguvu zake? Ni maswali madogo, lakini mfereji usiofungika ndio utakaomwaga tangi usiku mmoja.

Baada ya hayo matano kupita, sasa semeni tangi limekwisha.

KAZI ZISIZO ZA SIMITI

Wengi mtasema: sisi hatujengi, sisi ni kikundi cha miti, au cha mbuzi, au cha mikopo. Kanuni ni zile zile, lakini muangalie jambo moja: katika kazi hizi ni rahisi sana kuhesabu shughuli na kusahau tunda lake.

Miti: "Miti 500 imepandwa" ni kweli siku ile ya kupanda. Swali la ukaguzi ni mingapi iko hai baada ya kiangazi. Wekeni kadi mbili: ya kupanda, na ya kuhesabu miti iliyo hai baada ya miezi sita. Wanaohesabu shamba la mmoja watoke kwa mwingine.

Mafunzo: orodha ya waliohudhuria inaonyesha nani aliketi. Kama mafunzo yalikuwa ya kuweka hesabu, baada ya mwezi mmoja mwombeni mwanachama yeyote afungue daftari lake. Kama yalikuwa ya kutengeneza mbolea, nendeni mkaone lundo.

Mbuzi: risiti ya soko haitoshi. Wakaguzi wamwone mnyama, waandike rangi yake, jinsia na alama ya sikio, tena kwa mwenyewe, siku ambayo hakutarajia kutembelewa. Si kumvizia mtu. Ni kwa sababu mbuzi wa jirani anaweza kuazimwa kwa asubuhi moja.

Mikopo: kitabu cha mweka hazina kisikaguliwe peke yake. Kila mwanachama alete kijitabu chake, na kitabu kikubwa kilinganishwe nacho mbele ya wote. Vitabu viwili vilivyoandikwa na watu wawili vikipatana, hapo kuna ukweli. Kitabu kimoja kinapatana na nafsi yake daima.

JINSI YA KUANZA MWEZI HUU

Kama mnatumia programu ya ubao, ongezeni safu ya nne baada ya "Imekwisha" na muiite "Imekaguliwa". Kubalianeni kwamba mfanyakazi mwenyewe anaweza kusogeza kadi hadi "Imekwisha" tu, na wakaguzi peke yao ndio wanaoisogeza hadi "Imekaguliwa". Programu inaweza isimzuie mtu, lakini kwa kuwa inaandika jina la aliyesogeza, atakayevunja makubaliano ataonekana. Katika kila kadi andikeni kipimo juu kabisa, mahali pa kusomwa kwanza.

Kama mnatumia daftari, pigeni mistari mupate safu saba: kazi, kipimo, mhusika, tarehe imekwisha, wakaguzi wawili, tarehe ya ukaguzi na walichokuta, sahihi. Mahali pa "walichokuta" pasiandikwe "sawa". Paandikwe kitu kilichoonekana: "Shimo futi 20 na nusu", "Mfereji wa tatu unatoa matone saa kumi na mbili jioni". Anayesoma daftari mwaka ujao atajua mlikwenda kweli.

Katika mkutano badilisheni swali. Mwenyekiti asiulize tena "Je, imekwisha?" Aulize "Ni nani ameikagua, na alikuta nini?" Mkizoea swali hili, wahusika wenyewe wataanza kuikagua kazi yao kabla ya kuileta, kwa sababu wanajua swali linakuja.

Tunajua kuna vizuizi. Cha kwanza ni heshima. Kijana atamwambiaje baba mkubwa wake kwamba ukuta wake umepinda? Ndiyo maana kipimo kinaandikwa mapema: kijana hasemi, kamba inasema. Mnaweza pia kupanga kwamba anayekagua kazi ya mzee ni mzee mwenzake, au mtu wa ukoo mwingine. Cha pili ni uchovu. Mkikagua kila kitu kidogo, mtaacha kukagua. Basi chagueni kazi ambazo zikiharibika zinagharimu pesa nyingi, au maji, au usalama wa mtu, mkague hizo kwa makini. Cha tatu ni mfadhili anayetaka ripoti haraka kabla ya mwisho wa mwaka. Mwandikieni ukweli: kazi tano zimekwisha, tatu zimekaguliwa, mbili zinangoja. Ripoti ya namna hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini hamtahitaji kuieleza upya mwaka unaofuata mgeni akija kuangalia.

Vikundi vyetu vinajengwa kwa shilingi za watu ambao hawana nyingine. Mwanachama akitoa pesa yake mara ya kwanza, anatoa kwa matumaini. Akiona tangi lililosemwa limekwisha halina maji, mara ya pili hatatoa, na hakuna barua ya katibu itakayomrudisha. Ukaguzi wa nusu siku unalinda tangi, na unalinda pia ile imani inayomleta mwanachama huyo mkutanoni.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja kazi tatu ambazo kikundi chetu kilisema zimekwisha mwaka uliopita. Ni nani aliyezikagua, na alitumia kipimo gani?

2. Kati ya kazi tulizo nazo sasa, ni zipi zitakazofunikwa na zisionekane tena? Ni nani ataziona kabla ya kufunikwa, na siku gani?

3. Katika kikundi chetu, je, mtu anaweza kusema "kazi hii bado" bila kuonekana adui? Kama hawezi, tufanye nini?

4. Mtumiaji wa mwisho wa mradi wetu ni nani? Amewahi kuulizwa?

5. Chagueni kazi moja ya mwezi ujao. Andikeni kipimo chake leo kabla hamjaondoka, na mchague wakaguzi wawili.